Sororiti ya chuo: tawi, mwaka wake na kazi zake za hisani

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike katika vyuo vikuu vya Marekani, ambacho hujitambulisha kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki, kina makao makuu ya kitaifa, na huendesha shughuli zake kupitia matawi yaliyoko vyuoni. Wanachama huitana dada, wana rangi zao, nembo yao, nyimbo zao na kiapo cha siri cha kuwapokea wapya, nao huhesabiwa kuwa wanachama hata baada ya kuhitimu. Vyama vya wanaume vya namna hiyo huitwa fratenati, na vyote kwa pamoja hujulikana vyuoni kama jamii ya Wagiriki, ingawa havina uhusiano wowote na Ugiriki zaidi ya herufi hizo.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walisikia habari za vyama hivi kwa mara ya kwanza Kamala Harris alipogombea umakamu wa rais mwaka 2020 na urais mwaka 2024, kwa kuwa alijiunga na Alpha Kappa Alpha mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, na dada zake wa chama walijitokeza kwa maelfu wakiwa na mavazi ya waridi na kijani. Wengine wamevijua kupitia video za TikTok zilizoenea mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, zikionyesha wasichana wakieleza magauni waliyovaa katika wiki ya usajili. Picha hizo si za uongo, lakini ni za siku chache tu za mwaka. Anayetaka kuelewa tawi la sororiti ni nini hasa atafaidika zaidi akifuata kalenda yake kuanzia Agosti hadi Mei, akiuliza mahali ambapo fedha na saa za wanachama huishia.

Vyama hivi vilianza wakati wanawake walipokuwa wageni vyuoni. Jumuiya ya kwanza ya siri ya wanafunzi wa kike, ambayo sasa ni Alpha Delta Pi, iliundwa Macon, Georgia, mwaka 1851, na Kappa Alpha Theta, iliyokuwa ya kwanza kuanzishwa na wanawake kwa herufi za Kigiriki tangu mwanzo, ilizaliwa Greencastle, Indiana, Januari 1870. Mwaka 1902 vyama vya aina hiyo viliunda baraza lao, National Panhellenic Conference, ambalo leo lina wanachama 26. Vyama hivyo vya awali havikuwapokea wanawake Weusi. Ndipo wanafunzi wa Howard, jijini Washington, walipoanzisha Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920. Walimu saba wa Indianapolis wakaongeza Sigma Gamma Rho mwaka 1922. Sororiti hizi nne, pamoja na fratenati tano za Weusi, zimo katika baraza la National Pan-Hellenic Council, lililoundwa mwaka 1930. Tofauti ya chimbuko inaonekana hadi leo katika namna kila upande unavyoelewa neno hisani, kama tutakavyoona.

Msomaji wa pwani anaweza kukumbuka vyama vya lelemama vya Mombasa na Lamu, vilivyokuwa na vyeo, sare na ushindani wa ngoma, na ambavyo wanachama wake walisaidiana katika harusi na misiba. Sororiti inafanana navyo kwa mengi, ila tawi lake halijitawali. Makao makuu hutoza ada, huweka kanuni zilizochapishwa, hukagua hesabu, hulipia bima na yana uwezo wa kulifunga tawi linalokosea.

Ndani ya tawi kuna mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina, msimamizi wa usajili, msimamizi wa masomo na, karibu kila mahali, msimamizi wa hisani. Wanachama hukutana mara moja kwa wiki, na kila mmoja anatakiwa kudumisha wastani fulani wa alama za darasani. Anayeshuka chini ya wastani huo huweza kuzuiwa kuhudhuria sherehe hadi apande tena. Ada hutofautiana sana kati ya chuo na chuo: mahali pengine ni mamia ya dola kwa muhula, na pale ambapo tawi lina nyumba ya kuishi na mpishi, hufikia maelfu. Mzazi Mkenya au Mtanzania aliyeko Marekani anayeombwa fedha hizo na binti yake anapaswa kujua jambo moja mapema, yaani kwamba ada si mchango wa hisani. Kisheria sororiti nyingi ni klabu za kijamii zisizogawana faida, na mtu hapati nafuu ya kodi kwa kulipa ada zake. Fedha za hisani hupitia wakfu uliosajiliwa kando, au hukabidhiwa moja kwa moja kwa shirika linalosaidiwa. Ada hulipa nyumba, bima, makao makuu na sherehe.

Mwaka wa tawi huanza kwa usajili. Katika vyuo vikubwa vya kusini, zoezi hilo hufanyika Agosti kabla ya masomo kuanza, na huchukua takriban wiki nzima: wasichana hutembelea nyumba zote, kisha idadi ya nyumba hupungua siku hadi siku, kila upande ukiupanga mwingine kwa mpangilio wa upendeleo, hadi siku ya mwisho kila msichana aliyepata nafasi anapopokea mwaliko wa tawi moja. Siku mojawapo kati ya hizo hutengwa kwa ajili ya hisani. Mgeni huelezwa tawi linasaidia nani, na mara nyingi hupewa kazi ndogo ya mikono afanye huku akizungumza, kama vile kuandika kadi za watoto waliolazwa hospitalini. Ni vigumu kutotambua kwamba hisani hapo inatumika pia kama mapambo ya kumvutia mgeni, lakini ndiyo mara ya kwanza anapoelezwa atakachotakiwa kufanya kwa miaka minne.

Sororiti za Weusi hazina wiki ya namna hiyo. Usajili wao hufanyika kwa siri zaidi, tawi linapoamua, na wapya hutambulishwa baadaye hadharani kwa onyesho la hatua, miguu na makofi yakitoa mdundo mmoja. Maonyesho hayo hurudiwa Oktoba katika wiki ambayo wahitimu hurejea chuoni kutazama mpira wa Kimarekani, na viingilio vyake ni chanzo kizuri cha fedha za ufadhili wa masomo. Oktoba hiyohiyo, kwa kuwa ni mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, matawi ya Zeta Tau Alpha hugawa riboni za waridi. Novemba hukusanywa vyakula vya makopo kabla ya sikukuu ya Shukrani, na Desemba vitu vya kuchezea watoto.

Januari ni mwezi mzito kwa sororiti za Howard, kwa sababu Delta Sigma Theta husherehekea kuzaliwa kwa chama tarehe 13, Alpha Kappa Alpha tarehe 15, na Zeta Phi Beta tarehe 16. Siku ya Martin Luther King, ambayo Bunge la Marekani liliifanya rasmi siku ya kujitolea mwaka 1994, huangukia katikati ya mwezi huohuo, na matawi huonekana yakisafisha shule, yakipika katika makazi ya wasio na nyumba au yakiandikisha wapiga kura. Kazi hiyo ya mwisho ina mizizi mirefu: jambo la kwanza ambalo waanzilishi 22 wa Delta Sigma Theta walilifanya hadharani, wiki chache tu baada ya kuunda chama, lilikuwa kuandamana Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai haki ya wanawake ya kupiga kura. Miezi inayofuata ina michango mikubwa, mashindano ya wiki ya Wagiriki, dansi rasmi na kuwaaga wanaohitimu.

Tukirudi kwenye hisani yenyewe, kuna kazi mbili ambazo wanafunzi wenyewe huzitenganisha, na watu wa nje huzichanganya. Moja ni kuchangisha fedha kwa ajili ya shirika fulani, na nyingine ni kutoa saa zao kwa mikono yao. Sororiti nyingi za baraza la 1902 zimebobea katika ile ya kwanza, na kila moja ina shirika lake. Alpha Delta Pi huchangia nyumba za Ronald McDonald, ambamo wazazi hulala watoto wao wanapotibiwa mbali na kwao. Tri Delta huchangia hospitali ya watoto ya St. Jude, Memphis, ambayo haiitozi familia gharama za matibabu. Delta Gamma hushughulikia watu wasioona, na fedha zake nyingi hutokana na mashindano ya kuogelea ambamo wavulana wa fratenati huchekesha kuliko wanavyoogelea. Kappa Delta hufanya mchango wake mkuu majira ya kuchipua, kisha asilimia 80 ya mapato hubaki kwa shirika la mahali hapo linalozuia ukatili dhidi ya watoto, na asilimia 20 huenda kwa shirika la kitaifa. Kanuni hiyo ya mgawanyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa maana inamlazimisha mweka hazina wa miaka 20 kujua jina la mtu anayepokea hundi.

Mchango mkubwa kupita yote ambao sororiti hushiriki ni dansi ya saa 46 ya Chuo Kikuu cha Penn State, iliyoanza mwaka 1973 chini ya baraza la fratenati na sasa inahusisha wanafunzi wa kila aina. Wachezaji hawakai wala hawalali mwishoni mwa wiki moja ya Februari, na fedha huenda kwa familia za watoto wenye saratani. Katika miaka ya karibuni imevuka dola milioni 10 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani ukumbini, maana matawi hutumia miezi kabla ya hapo kuandika barua, kupiga simu na kuomba wafadhili.

Sororiti za Weusi nazo huchangisha: mwaka 2018 Alpha Kappa Alpha ilikusanya dola milioni moja ndani ya siku moja kwa ajili ya vyuo vya kihistoria vya Weusi. Lakini uzito wao umekuwa siku zote katika huduma ya ana kwa ana, kwa sababu watu waliowahudumia walikuwa ndugu zao walionyimwa huduma hizo na serikali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mradi wa afya wa Mississippi. Mwaka 1935 Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari, wauguzi na walimu wa kujitolea katika Kaunti ya Holmes, wakiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee wa Washington. Walisafiri kwa magari yao wenyewe. Baadhi ya wenye mashamba ya pamba walikataa kuwaruhusu wafanyakazi wao kwenda kliniki, wakihofia kwamba wageni wangewachochea, kwa hiyo magari hayo yakageuzwa kuwa kliniki zinazotembea kutoka shamba hadi shamba. Watoto walichanjwa dhidi ya ndui na dondakoo, meno yaling'olewa, na akina mama walifundishwa lishe. Mradi ulirudiwa kila kiangazi hadi mgao wa petroli na matairi wakati wa vita ulipousimamisha mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Matawi ya leo hayafanyi makubwa hayo, lakini mtindo ni uleule. Zeta Phi Beta, kwa kushirikiana tangu mwaka 1972 na March of Dimes, shirika la afya ya wajawazito na watoto wachanga, huendesha vituo ambavyo mjamzito hupata pointi kila anapohudhuria kliniki au somo la uzazi, kisha huzibadilisha kwa nepi, nguo au kitanda cha mtoto. Anayepanga nepi hizo rafuni Jumamosi asubuhi mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kalenda hii yote inaweza kukatika ghafla. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni mateso ya kuwaingiza wapya: kunyimwa usingizi, kupigwa, kulazimishwa kunywa pombe. Vifo vimewahi kutokea, na tawi linalopatikana na hatia husimamishwa kwa miaka. Sororiti na fratenati za Weusi zilifuta rasmi kipindi cha uanagenzi, yaani cha kuwajaribu wapya kabla ya kuwapokea, mwaka 1990 kwa sababu hiyo, bila kufanikiwa kuumaliza uonevu kabisa. Tangu Desemba 2024 sheria ya taifa inavitaka vyuo kuchapisha majina ya vyama vilivyopatikana na makosa hayo, na orodha hiyo ni ya kusomwa kabla ya kulipa ada. Aibu nyingine ni ya rangi: hadi mwaka 2013, gazeti la wanafunzi wa Alabama lilipofichua jambo hilo, wasichana Weusi waliostahili walikuwa bado wakikataliwa na sororiti za Wazungu za chuo hicho, mara nyingine kwa shinikizo la wahitimu.

Wahitimu ndio nusu ya pili ya maana ya dhana hii. Katika sororiti za Weusi hasa, mwanachama huhamia tawi la wahitimu katika mji anaoishi, na huko kalenda huanza upya, safari hii kwa mshahara badala ya fedha za mfukoni. Kwa mikono hiyo ndipo kazi zilipovuka bahari. Zeta Phi Beta ilifungua tawi Monrovia, Liberia, mwaka 1948, na Delta Sigma Theta ilichangia huduma za uzazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick mjini Thika, Kenya.