Ibn Taymiyya hakuwakana mawalii

Mjadala wa ziara za makaburini ukipamba moto, hakosi mtu wa kudai kwamba Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki 1328, alikana mawalii, yaani vipenzi vya Mwenyezi Mungu, na karama zao, yaani mambo ya ajabu yanayotokea kwao. Sivyo. Katika risala yake ya itikadi, al-Wasitiyya, anahesabu kusadiki karama za mawalii kuwa miongoni mwa misingi ya Ahlu Sunna. Waliozikana hasa ni Mu'tazila, madhehebu ya kale ya Kiislamu yaliyoegemea sana akili, waliohofu karama isije ikachanganywa na muujiza wa nabii.

Alichopinga yeye ni kuwaomba waliokufa, na kudhani kwamba jambo la ajabu peke yake linathibitisha uwalii. Kipimo chake ni Sura Yunus, aya ya 63: walioamini na wakawa wacha Mungu.

Ibn Arabi naye, mwanachuoni wa kisufi aliyefariki Damascus hiyohiyo mwaka 1240, husingiziwa kwamba alimpandisha walii juu ya nabii. Maneno yake yana undani zaidi ya hapo: ndani ya nabii mmoja, uwalii wake ni bora kuliko unabii wake, kwa kuwa unabii wa kuleta sheria umefika kikomo, uwalii haukomi. Ibn Taymiyya hakuridhika hata na ufafanuzi huo.