Je, wajua kwa nini pua huanza kusahau kabla ya mwenyewe?

Bibi yangu alitunga vikuba tangu usichana wake. Jioni mjukuu mmoja alitumwa kuchuma asumini ambazo bado hazijafunguka, mwingine rehani, naye akakaa mkekani na uzi wake. Siku moja alimaliza kikuba, akakisogeza puani, akavuta pumzi, kisha akakiweka chini.

"Maua ya siku hizi hayanukii," alisema.

Chumba kizima kilikuwa kinanukia. Tukamwitikia tu, kama tunavyozoea kuwaitikia wazee. Kama miaka miwili baadaye ndipo alipoanza kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kikuba kimoja hakithibitishi ugonjwa, na pua ya mzee inaweza kuziba kwa sababu nyingi. Lakini tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili, maana uhusiano wa harufu na ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita dimenshia, ni wa kweli na una sababu inayoeleweka.

Sababu yenyewe ni njia ambayo harufu hupita. Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye mamilioni ya seli za neva. Nyuzi zake hupenya kwenye mfupa mwembamba wenye vitundu kama chekeche, zikaingia moja kwa moja kwenye ubongo. Habari zinazotoka machoni na masikioni hupita kwanza katika kituo cha katikati kiitwacho thalamasi, ndipo zikagawiwa zinakotakiwa. Harufu haipangi foleni hiyo. Kwa hatua chache tu inafika eneo la entorina, ambalo ni kama kizingiti cha hipokampasi, yaani chumba ambamo kumbukumbu mpya hutengenezwa. Ndiyo maana moshi wa udi unaweza kukurudisha kwenye harusi ya miaka thelathini iliyopita, ukamkumbuka hata aliyekuwa ameshika chetezo.

Mwaka 1991, nchini Ujerumani, Heiko Braak na mkewe Eva walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa watu 83 waliofariki. Walikuwa wakifuatilia mafundo ya protini iitwayo tau, ambayo huziua seli za neva katika ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia inayowapata watu wengi zaidi. Waliona kwamba mafundo hayo hayatapakai ovyo: huanzia kwenye kizingiti kile kile cha entorina na jirani yake, yakaingia hipokampasi, halafu ndipo yakaenea sehemu nyingine za ubongo. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtu anaongea vizuri, anahesabu chenji na anajua njia ya sokoni. Hitilafu inaanza mlangoni mwa harufu wakati sehemu nyingine za nyumba bado ni nzima.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulichanganya. Kunusa ni kazi mbili. Kwanza kuhisi kwamba kuna harufu, pili kuitambua ni ya nini. Dalili za mwanzo za Alzheimer huonekana zaidi kwenye hiyo kazi ya pili. Mzee anaweza kushika iliki, akasema kweli kuna kitu kinanukia, lakini asijue ni iliki, au iwapo ni kitu cha kula au sabuni. Mwenyewe mara nyingi hajui kwamba amepotewa na kitu. Atakwambia maua yameharibika, kahawa ni ya bei rahisi, au mpishi hajui kupika. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hutoka puani, utamwona anazidisha chumvi na bado analalamika kwamba mchuzi umepwaya.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na daktari Jayant Pinto, walilipima jambo hili kwa karibu watu 3,000 wa umri wa miaka 57 hadi 85 nchini Marekani. Kila mmoja alinusishwa harufu tano kutoka kwenye vifaa vinavyofanana na kalamu za wino: nanaa, samaki, chungwa, waridi na ngozi. Baada ya miaka mitano walirudiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wale ambao hawakufikisha harufu nne sahihi kati ya tano walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na dimenshia kuliko wenzao.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kijitabu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilichotolewa mwaka 1984 na Richard Doty na wenzake. Kina harufu 40. Unakwaruza karatasi, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Karafuu na nazi zimo, nikafurahi kuziona. Lakini humo humo kuna jibini ya cheddar, matango ya siki na soda ya Kimarekani iitwayo root beer. Mvuvi wa Kilwa akishindwa hizo, pua yake haina kosa lolote, maana hakuna anayeweza kutaja kitu ambacho hajawahi kukutana nacho.

Tatizo la aina hiyo lilishakutwa kwenye vipimo vya kumbukumbu. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta karibu 6 kati ya kila 100 wana dimenshia. Wengi wa wazee hao hawakusoma shule, na kumpa kalamu mtu asiyeizoea umwambie achore ni kumwonea. Ndipo kikatengenezwa kipimo ambacho mzee hupanga vijiti vya kiberiti na kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Natamani sana pua zetu nazo zipimwe kwa heshima hiyo: kwa karafuu, dagaa, mafuta ya taa, tangawizi, kitunguu kinachokaangwa.

Kuna mtego mwingine wa kuangalia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walisema Alzheimer inaweza kugunduliwa kwa siagi ya karanga na rula tu, kwa kulinganisha tundu la kushoto la pua na la kulia. Habari hiyo ilienea duniani. Mwaka uliofuata Doty na wenzake walilipima wazo hilo upya, wakakuta hakuna tofauti kati ya matundu hayo. Ukiiona mahali, iache ipite.

Na uzee wenyewe hupunguza kunusa. Zaidi ya nusu ya watu wa miaka 65 hadi 80 wamepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo, na wengi wao hawatapata dimenshia. Mafua yasiyokwisha, vinyama vya puani, kuumia kichwa, sigara na UVIKO-19 vinaweza kuleta hali hiyo hiyo. Ugonjwa wa Parkinson nao huiba harufu, mara nyingi miaka kadhaa kabla mikono haijaanza kutetemeka. Kwa hiyo mtu asimwambie mama yake kwamba ana Alzheimer kwa sababu hakusikia harufu ya ndizi. Kinachofaa ni kumweleza daktari mambo yote pamoja: lini harufu zilianza kupotea, kama alikuwa na mafua, na kama siku hizi anarudia swali lile lile au anapotea njia aliyoizoea.

Hatari ya karibu haingoji jibu la daktari. Gesi ya kupikia haina harufu kwa asili yake. Ule uvundo umetiwa kiwandani ili mtu ashtuke inapovuja. Asiyenusa hashtuki. Hatashtuka kwa wali unaoungua wala kwa maziwa yaliyoharibika. Kwetu mtungi tumeutoa jikoni ukakaa nje ya dirisha, na maziwa ya bibi huonjwa na mjukuu kwanza. Vikuba bado anatunga. Vidole vyake havijasahau fundo hata moja, na akimaliza humpa yeyote aliye karibu amnusie.