Upoozaji wa kisumaku: jinsi uandaaji wa aloi unavyoamua baridi yake

Upoozaji wa kisumaku ni njia ya kupata baridi bila kubana gesi. Baadhi ya metali na aloi, yaani michanganyiko ya metali, hupata joto zinapoingizwa katika uga wa sumaku na hupoa zinapotolewa humo. Maji yakipitishwa katikati yake kwa wakati unaofaa hulibeba joto hilo na kulitupa nje, na mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi upande mmoja wa mtambo huzidi kuwa baridi. Pierre Weiss na Auguste Piccard walilieleza jambo hili katika nikeli mwaka 1917, na mwaka 1976 G. V. Brown wa NASA alionyesha kwa metali iitwayo gadolini kwamba linaweza kutumika hata katika joto la kawaida la chumbani. Friji za aina hii bado ni za maabara na majaribio kuliko za dukani, ingawa anayeyajua maziwa na parachichi za Njombe na Rungwe haoni shida kuelewa kwa nini kila njia mpya ya kutunza ubaridi inastahili kufuatiliwa.

Athari hii haina nguvu ileile katika kila halijoto. Huwa kubwa karibu na kiwango kinachoitwa nukta ya Curie, ambapo maada hubadilisha hali yake ya kisumaku: chini ya hapo vijisumaku vya atomu huelekea upande mmoja, juu ya hapo hutawanyika ovyo. Kwa gadolini kiwango hicho ni karibu nyuzi joto 20, yaani joto la mchana wa kawaida wa Julai mjini Mbeya, na hapo uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) huipandisha joto kwa nyuzi 3 hivi. Badiliko la gadolini ni la taratibu. Aloi nyingine hubadilika ghafla, fuwele zake zikigeuka umbo au ujazo pamoja na usumaku wake, na kwa hiyo joto linalohusika huwa kubwa zaidi. Mfano uliofungua njia ni aloi ya gadolini, silikoni na gerimani, ambayo Vitalij Pecharsky na Karl Gschneidner wa Ames Laboratory nchini Marekani waliitangaza mwaka 1997.

Ni katika aloi hizi za badiliko la ghafla ndipo uandaaji huwa na kauli kubwa, pengine kubwa kuliko orodha ya elementi zenyewe. Mhunzi anajua kwamba panga lililozamishwa majini likiwa jekundu na lile lililoachwa lipoe katika majivu si kitu kimoja, hata kama vyote viwili vimetoka katika kipande kimoja cha chuma. Hapa pia kupima viambato kwa mizani hakutoshi kusema kilichopatikana.

Tuchukue aloi ya lanthani, chuma na silikoni, ambayo katika fuwele yake kila atomu ya lanthani huambatana na atomu 13 za chuma na silikoni kwa pamoja. Lanthani imo katika miamba ya kilima cha Ngualla mkoani Songwe, na chuma kipo Liganga wilayani Ludewa, kwa hiyo msomaji wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kuiona kama aloi ya nyumbani. Hata hivyo, viambato hivyo vikiyeyushwa na kuachwa vigande, chuma hutangulia kuganda peke yake na lanthani hubaki katika mchanganyiko mwingine, na fuwele inayotakiwa hutokea kidogo sana. Ili ienee, bonge hilo hupashwa joto la nyuzi 1,050 hivi kwa siku kadhaa au hata wiki, likiwa yabisi, ili atomu zihame polepole hadi mahali pake. Kiowevu kikimiminwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kasi huganda papo hapo kuwa utepe mwembamba, viambato havipati nafasi ya kutengana mbali, na upashaji huo hupungua hadi saa chache. Chuma kinachosalia bila kuungana ni mzigo tu: huvutwa na sumaku kama kawaida, lakini nukta yake ya Curie iko mbali mno, hivyo hakichangii baridi yoyote ya maana.

Aloi hiyo ikitoka tanuruni hubadilika karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri, kiwango kisichofaa friji ya nyumbani. Ikishibishwa hidrojeni, kiwango hupanda hadi zaidi ya nyuzi 60. Mtu angedhani kuishibisha nusu kungetosha kuipata halijoto ya katikati, lakini aloi ya namna hiyo ikikaa karibu na nukta yake ya Curie hujigawa taratibu katika sehemu zenye hidrojeni nyingi na sehemu zenye kidogo, na badiliko moja kali huwa mawili dhaifu. Ndiyo sababu hushibishwa kabisa, kisha kiwango hushushwa kwa kutia manganisi kidogo mahali pa chuma.

Usafi nao una uzito wake. Aloi ya mwaka 1997 ikitengenezwa kwa gadolini ya kawaida ya biashara, yenye kaboni na oksijeni ndani yake, badiliko lake la ghafla hufifia au hupotea.

Tatizo linalobaki hata baada ya uandaaji mzuri ni pengo kati ya halijoto ambayo badiliko hutokea aloi ikipashwa na ile ambayo hutokea ikipozwa. Pengo hilo likiwa pana, uga wa sumaku hauwezi kulivuka kwenda na kurudi, na sehemu ya nishati hupotea kila mzunguko. Katika aloi za manganisi, chuma, fosforasi na silikoni, pengo hilo hupunguzwa kwa kurekebisha uwiano wa viambato na joto la tanuru. Aloi hizo zina tabia ya pekee: zikipozwa mara ya kwanza hubadilika katika halijoto ya chini kuliko mara zinazofuata, kwa hiyo kipimo cha kwanza hakitegemewi.

Mwisho kabisa kuna umbo. Aloi ya lanthani hubadili ujazo wake kwa takriban asilimia 1 kila inapovuka kiwango chake, na kwa kuwa ni ngumu na dhaifu, hupasuka na kusagika ndani ya mtambo. Baadhi ya watengenezaji huisaga kwanza kuwa chembe ndogo na kuziunganisha kwa gundi ya epoksi. Huacha kumomonyoka, lakini gundi huchukua nafasi ndani ya sumaku bila kupoza chochote.