Kuacha Kazi Isiyokufaa: Yanayosemwa Mwanza na Ukweli Wake

Mtu anayewaza kuacha kazi hapa Mwanza hakosi washauri. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi anaopewa husimama juu ya mambo yasiyo ya kweli, mengine kuhusu kazi yenyewe na mengine kuhusu sheria, na anayelipia makosa hayo ni yeye mwenyewe, wala si mshauri.

Dhana: Ukiichoka kazi, ujue si yako

Wavuvi wa dagaa huifahamu hesabu ya mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo siku za giza ndizo za kazi. Mbalamwezi inapowaka, taa hushindwa nguvu, na mitumbwi mingi hukaa mwaloni huku watu wakishona nyavu. Kijana aliyeajiriwa siku za mbalamwezi angeweza kuapa kwamba uvuvi hauna riziki, na mwenzake aliyemaliza giza zima bila kulala angeapa kwamba unaua. Wote wawili wangekuwa wamepima mapema mno. Mhasibu anayefunga hesabu za mwaka na mwalimu mwenye marundo ya mitihani wamo katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa uchovu wao una tarehe ya kuisha. Uchovu wa kuogopa ni ule usiopungua hata baada ya likizo ya mwaka, ambayo kwa sheria yetu ni siku 28.

Dhana: Kazi mbaya si mchezo mwema

Methali hii hutolewa kana kwamba kila anayeacha kazi anakwenda kucheza. Niliwahi kuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachonishinda ni baridi. Haikuwa baridi, kwa sababu koti na mabuti nilipewa. Kilichonishinda ni daftari la kupokelea mzigo, lililofungiwa kalamu ya bluu kwa uzi, ambalo kila wiki nilitakiwa kulitia saini kuthibitisha uzito ambao sikuuona ukipimwa. Nilimweleza msimamizi mara ya kwanza, akacheka, mara ya pili akaahidi kulishughulikia, mara ya tatu akaniambia, "Saini tu, mdogo wangu, wenzako wote wanasaini." Baada ya jibu hilo nilikaa miezi minane zaidi, nikijiita mvumilivu, na hadi leo siwezi kueleza nilikuwa nikivumilia ili nini kibadilike.

Ukweli ni kwamba uvumilivu una maana pale tu ambapo kuna jambo linaloweza kugeuka. Anayetaka kujua kama wakati wake umefika na ajiulize ni kitu gani hasa kikibadilika atabaki kwa moyo, ni nani mwenye uwezo wa kukibadilisha, na kama mtu huyo amekwisha kuambiwa waziwazi. Wengi wetu hulalamika kwa wenzetu ndani ya daladala ya Igoma, kisha tukahesabu kwamba tumesema. Asiyesema bado hajafika wakati wa kuondoka, na aliyesema akajibiwa kwamba hakuna kitakachobadilika hana la kusubiri.

Dhana: Ukiacha mwenyewe, huna chako

Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua anayeacha kazi kwa hiari: hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo anayodai, na hupewa cheti cha utumishi. Asichokipata ni kiinua mgongo, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa kuwa hicho hulipwa pale mwajiri anapokuwa ndiye aliyesitisha ajira.

Kwa upande wake mfanyakazi anadaiwa notisi ya maandishi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira. Anayeyeyuka siku ya mshahara, kama ilivyo desturi ya baadhi yetu, humpa mwajiri nafasi ya kukata stahiki zake. Mwenye mkataba wa muda maalumu awe mwangalifu zaidi, kwa sababu akiuvunja kabla ya wakati bila mwajiri kuwa ameukiuka, anaweza kudaiwa fidia.

Ipo pia hali ambayo barua ya kuacha kazi haihesabiwi kuwa ya hiari. Mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hata mfanyakazi akalazimika kuondoka, sheria inaweza kulitazama jambo hilo kama kuachishwa kazi, na lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayekaa nyumbani miezi mitatu akipoza hasira kabla ya kwenda kulalamika hukuta muda umempita.

Dhana: Michango ya NSSF hupotea

Haipotei. Hubaki kwa jina lako, na mwajiri mpya anapoanza kuchangia, miezi huendelea kuhesabiwa kuelekea ile 180 inayohitajika kwa pensheni ya uzee.

Dhana: Usiache kabla hujapata nyingine

Hii ni kweli kwa sehemu kubwa, na mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto asiidharau. Inakuwa potofu inapofanywa amri isiyo na mwisho, kwa sababu kazi inayoanza kumharibia mtu afya, au kumtia katika hatari ya kushtakiwa kwa saini yake, haiwezi kusubiri usaili.

Mimi nilitoa notisi yangu kwa maandishi na kubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Cheti cha utumishi sikukidai. Miaka miwili baadaye, mwajiri mwingine aliponitaka nikionyeshe, nilirudi getini kukiomba, nikamkuta mlinzi mpya ambaye aliniuliza nina miadi na nani.