Sindano ya ini kwa mwenye seli mundu: yanayosemwa na ukweli wake

Mtoto mwenye seli mundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, akiamka macho yamekolea manjano kuliko siku zote, neno la kwanza utakalolisikia wodini ni "ini limeharibika." La pili: "Mbona hawamchukui kinyama wakaona?" yaani kipande kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano ili kichunguzwe. Wanaosema hivyo wana huruma, lakini ushauri wao unaweza kumponza mgonjwa.

"Manjano ni ini"

Mara nyingi ni damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye seli mundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Kila inapovunjika hutoa bilirubini, ile rangi ya manjano, na hata ini lenye afya huelemewa nayo. Kwa hiyo daktari hutazama kwanza kama bilirubini iliyozidi ni ile ambayo ini halijaishughulikia, au iliyokwisha kupita kwenye ini ikakwama njiani. Ikiwa imekwama, ultrasaundi hutangulia, maana wagonjwa hawa hupata sana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Homa ya ini B na C nazo hupimwa, hasa kwa aliyewahi kuongezewa damu.

"Akizidiwa ndipo achomwe, tujue tatizo"

Hapa naomba kila mzazi asome polepole. Mwaka 2003 madaktari wa King's College Hospital, London, walichapisha taarifa za wagonjwa 14 wa seli mundu waliochukuliwa kinyama cha ini kwa sindano ya kupitia ubavuni. Watano walivuja damu vibaya, wanne wakafariki. Kwa wagonjwa kwa jumla, vifo vya kipimo hiki hukadiriwa kuwa kama 1 kati ya 10,000. Wengi wa wale watano waliovuja damu walikuwa katika shambulio la ugonjwa wakati ule ule wanachomwa.

Katika shambulio la namna hiyo chembe zilizopinda huziba vijia vidogo vya damu ndani ya ini, damu ikarundikana, ini likavimba. Ukilitoboa kutoka nje, damu hiyo humwagika tumboni. Vipimo vya kuganda kwa damu vyenyewe vinaweza kutoonyesha hatari hii. Tiba haingoji kinyama: wengi huhitaji kubadilishiwa damu haraka, yao ikitolewa kidogo kidogo huku wakipewa ya mchangiaji.

"Mwenye himofilia hachomwi kamwe"

Himofilia ni ugonjwa mwingine wa damu, ambao damu haigandi vizuri. Mwenye nao huchomwa, ikiwa jibu litabadilisha tiba. Hupewa faktari (protini ya kugandisha damu) inayompungukia, ya VIII au ya IX, kabla ya kipimo na kwa siku kadhaa baadaye, chini ya daktari wa magonjwa ya damu.

Iko pia njia ya shingoni, ambayo hutumika hata kwa wenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, chache sana. Mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ukapita moyoni upande wa kulia hadi mshipa unaotoa damu kwenye ini, na kinyama kikachukuliwa kutokea humo. Damu ikivuja, hurudi kwenye mshipa ule ule. Hatari haiishi, maana sindano inaweza kupitiliza hadi nje ya ini, na vipande hutoka vidogo zaidi. Tena panahitajika eksirei ya kuonyesha picha papo hapo na mtaalamu aliyezoea kazi hiyo, ndiyo maana mgonjwa hupewa rufaa.

"Bila kinyama hatuwezi kujua madini ya chuma yamejaa kiasi gani"

Anayeongezewa damu mara nyingi hurundika chuma kwenye ini. MRI, kipimo cha picha kwa nguvu za sumaku, hupima chuma hicho bila kuligusa ini. Feritini, protini ya kuhifadhi chuma inayopimwa kwenye damu, peke yake hudanganya, kwani hupanda hata kwa uvimbe au maambukizi.

Na ikiwa kipimo kimefanyika kwa njia ya ubavuni, mgonjwa hulazwa kwa upande wa kulia, akatazamwa mapigo na presha kwa saa kadhaa. Visa vingi vya kuvuja damu hujulikana ndani ya saa hizo za mwanzo. Maumivu ya tumbo au bega la kulia yakizidi, akisikia kizunguzungu au akatoka jasho la baridi, aliye kando ya kitanda amwite muuguzi saa hiyo hiyo.