Anayekupigia kujua jina lako si ushahidi kwamba anatoka kampuni ya simu

Wengi husema, "Alinitaja majina yote matatu, ningejuaje ni tapeli?" Jina lako halijafichwa. Yeyote akianza kutuma pesa kwenye namba yako, menyu humwonyesha jina ulilosajilia kabla hajaweka namba ya siri. Tapeli hughairi hapo, kisha hukupigia: "Hongera, umeshinda milioni tano!"

Baadaye huomba "ada ya usajili" au "kodi ya zawadi". Kodi ya ushindi hukatwa na mwendesha mchezo kabla hujalipwa. Mshindi hatumi senti. Wajanja zaidi hukuelekeza ufungue menyu ya pesa uingize "namba ya ushindi". Iangalie vizuri: ina tarakimu kumi na inaanza na 07 au 06. Ni namba ya simu yake, nawe unamtumia pesa.

Kata simu. Ukitaka hakika, piga mwenyewe 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya simu Tanzania.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha fuata maelekezo uandike namba iliyokutumia. Kama pesa imeshatoka, anza na 100 papo hapo wajaribu kuizuia kabla haijatolewa kwa wakala, halafu nenda polisi na ujumbe wa muamala. Usiufute, hata kwa aibu.