Mama anaongea na marehemu: mofini inapobidi kubadilishwa

Simu ilikuja saa tano usiku kutoka Mbagala. "Dokta, shikamoo, samahani kwa usumbufu. Mama anaongea na marehemu baba." Nyuma ya sauti ya binti niliwasikia watu wakisoma Yasini. Familia ilishakata tamaa.

Nilimuuliza mambo mawili. Mikono inamrukaruka? Ndiyo, tangu jana, akishika kikombe chai yote inamwagika kwenye kanga. Mkojo anapata? Kidogo sana, mweusi kama chai ya mkandaa. Nikamwambia aweke chupa ya mofini, dawa yake kali ya maumivu, pembeni, asimpe nyingine usiku ule, na asubuhi wamlete.

Mimi ni daktari wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, hapa Dar es Salaam, na simu za aina hii nazipokea mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike. (Mambo kadhaa ya mgonjwa huyu nimeyageuza asitambulike.) Bibi yule ana saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hii ikisambaa ndani ya nyonga hubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba, halafu zinachoka. Na mofini inategemea figo kuliko watu wanavyodhani. Ukishaimeza, ini huigeuza kuwa vitu viwili vikubwa: kimoja kinaendelea kutuliza maumivu na kuleta usingizi, kingine kinachokoza mishipa ya fahamu. Vyote viwili hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Njia ikiziba vinajaa humo humo. Mgonjwa anasinzia, misuli inashtukashtuka, anapata maruweruwe, na wengine ngozi inakuwa chungu hata shuka likiwagusa.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Mgonjwa anaugulia, ndugu wanaona maumivu yamezidi, wanaongeza dozi. Kumbe sehemu ya maumivu hayo inaletwa na dawa yenyewe.

Asubuhi vipimo vilionyesha kreatinini, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, iko juu. Tulipima pia kalsiamu ya damu, tukatafuta maambukizi, tukahakikisha kibofu hakijajaa na choo hakijakwama, maana kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumchanganya mtu akili. Sipendi kubadilisha dawa kabla ya kujiuliza kama maumivu ni yale yale. Maumivu ya mfupa uliovamiwa na saratani, kwa mfano, wakati mwingine hunyamazishwa vizuri zaidi na mionzi, hata ya siku moja tu ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), kuliko kuhamahama kutoka dawa moja ya jamii ya afyuni kwenda nyingine. Kwa bibi huyu hapakuwa na njia hiyo. Mofini ilikuwa imemtumikia vizuri miezi minne, sasa mwili haukuweza kuitoa.

Watu wengi, pamoja na baadhi ya wenzangu kazini, wanafikiri kubadilisha maana yake ni kupanda ngazi: kutoka tramadoli kwenda mofini, kutoka mofini kwenda "kitu kikali zaidi". Kutoka tramadoli au kodeini kwenda mofini kweli ni kupanda. Lakini kutoka mofini kwenda fentanili, dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, ni kuhama nyumba ndani ya mtaa ule ule. Dawa hizi zote hukaa kwenye vipokezi (sehemu za neva zinazopokea dawa) vya aina moja, ila kila moja inavishika kivyake na inatoka mwilini kwa njia yake. Fentanili huvunjwavunjwa na ini, na mabaki yake hayana nguvu ya kumsumbua mgonjwa. Ndiyo maana tuliichagua, ile ya plasta inayobandikwa kwenye ngozi.

Sasa hesabu. Kwenye faili iliandikwa mofini ya maji, miligramu 20 kila baada ya saa nne. Hizo ni miligramu 120 kwa siku. Daktari kijana niliyekuwa naye alitoa simu, akafungua jedwali la ulinganifu, linaloonyesha dozi ya dawa moja ni sawa na kiasi gani cha nyingine, akasema: dokta, hiyo ni plasta ya maikrogramu 50 kwa saa, tukipunguza kidogo ni 37. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikamwomba asubiri, nikamgeukia binti.

"Mama, nyumbani mnampa vipi hii dawa?"

Akatazama chini. "Dokta, nisikufiche. Tunampa asubuhi, mchana na usiku. Tuliambiwa ni dawa ya kulevya, tukaogopa atazoea."

Mara tatu. Miligramu 60, yaani nusu ya kilichoandikwa. Tungebandika plasta kwa hesabu ya faili, tungempa mwanamke mwenye kilo 41 na figo mbovu dozi ya kumzimisha pumzi. Tangu siku nyingi nina kanuni moja: nabadilisha kutoka kwenye kile mgonjwa anachomeza, kile nilichoandika mimi nakiweka kando. Naomba chupa niione. Nauliza wanapimia nini, sirinji au kijiko, na kijiko cha ukubwa gani. Nauliza nani anabaki na mgonjwa mchana watoto wakiwa kazini. Majibu ya maswali hayo yananisaidia kuliko jedwali lolote.

Na hata ukishapata namba ya kweli, haiendi ilivyo. Mwili uliozoea mofini haujaizoea dawa mpya kwa kiasi kile kile, kwa hiyo tunapunguza robo hadi nusu ya kile jedwali linachosema. Kwa mzee, kwa figo mbovu, kwa mtu anayesinzia tayari, naenda kwenye nusu. Miligramu 60 za mofini ya kunywa zinakaribiana na plasta ya maikrogramu 25 kwa saa. Bibi akapata ya 12.

"Si ndogo mno?" kijana akauliza. Ndogo, ndiyo. Dozi ndogo unaweza kuiongeza keshokutwa, na hadi hapo kuna dozi ya dharura ya kinywa. Kwa kawaida hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya dozi ya siku nzima. Kwa figo zake tuliandika miligramu 2.5 tu za mofini, na binti anipigie kabla ya kumpa.

Plasta haina haraka. Inachukua saa 12 hadi 24 kufika mahali pake, kwa kuwa dawa inajikusanya kwanza kwenye mafuta chini ya ngozi. Mgonjwa mwenye figo nzima tungemwendeleza na mofini ya kinywa saa 12 za mwanzo ili pasiwe na pengo. Kwake hatukuhitaji, mofini ya juzi bado ilikuwemo. Na ukiibandua, mafuta yale yanaendelea kutoa dawa kwa zaidi ya nusu siku. Halafu kuna joto letu la Januari. Ngozi yenye moto hunyonya dawa haraka, kwa hiyo plasta haikai mahali pa kukandwa kwa maji ya moto, wala mgonjwa halazwi juani. Jasho nalo huibandua: pangusa kifua au mkono kwa maji tu, bila sabuni wala mafuta ya nazi, kausha, bandika, kandamiza kwa kiganja nusu dakika.

Kuna dawa nyingine ambayo kitaalamu ingemfaa: methadoni, maana nayo haitegemei sana figo. Ni ya bei nafuu na inasaidia sana maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini hapa Dar jina hilo lina historia. Tangu Februari 2011 Muhimbili ilipoanza kuwapa methadoni waraibu wa heroini, na baadaye Mwananyamala na Temeke, kila mtu mtaani anajua foleni ile ya asubuhi. Ukimtajia mtoto wa mgonjwa, anakuuliza: mama yangu amekuwa teja? Huwa nawaeleza taratibu, na wengi huelewa. Kinachonifanya nisite ni hesabu yake. Ulinganifu wake na mofini haukai sehemu moja. Kadiri mgonjwa alivyokuwa akitumia mofini nyingi, ndivyo methadoni inavyozidi kuwa na nguvu kuliko jedwali la kawaida linavyokuonyesha. Inajikusanya mwilini kwa siku kadhaa, ikimlaza mgonjwa siku ya nne wakati wote mmeshatulia. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha, flukonazoli ya fangasi inaipandisha. Simwachii mgonjwa wa Mbagala kwenda nayo nyumbani wiki ya kwanza.

Pethidini sitaijadili kwa urefu. Ni dawa ya maumivu ya muda mfupi, inaisha baada ya saa mbili tatu, na mabaki yake yakijaa huleta degedege. Kwa mgonjwa wa saratani aliye nyumbani, hapana.

Na mnaohama kutoka sindano kwenda kinywani, tafadhali: miligramu 10 za mofini ya sindano ni kama 30 za kunywa. Nimeshapokea wagonjwa walioruhusiwa wodini kwa namba ile ile ya sindano, wamefika nyumbani na theluthi ya dawa yao, usiku wa kwanza wanalia.

Bibi tulimlaza siku tatu. Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili mikono ilitulia, akaomba uji. Siku ya nne, nilipopita asubuhi, mjukuu alikuwa anabadilisha plasta: ameikunja ya zamani gundi kwa gundi ili ikarudishwe famasia, anaandika "Alhamisi" juu ya mpya kwa kalamu. Bibi alikuwa ameketi.

"Marahaba," akaniitikia. "Hawa wanangu wananiambia nilikuwa naota. Mimi baba yao nilimwona. Alikuwa na lile shati lake la kijani."

"Alisemaje, bibi?"

"Alisema kuna joto humu ndani. Nikamwambia basi kafungue dirisha."